Maonyesho ya Vitabu ya Frankfurt: Ni Nini Kinachouzwa Huko?

Kila mwaka, katika mwezi wa Oktoba, mji wa Frankfurt nchini Ujerumani hukusanya wachapishaji wa ulimwengu kwa muda wa siku tano. Mwaka wa 2023 walifika waonyeshaji zaidi ya 4,000, na wageni walizidi laki mbili. Miongoni mwa wageni hawakosi Waafrika waishio ugenini, ambao huingia wakitumaini kukuta humo lugha ya kwao. Mkongomani asemaye Kiswahili aweza kuzunguka kutwa nzima katika kumbi zile asione hata kitabu kimoja cha Kiswahili kilichotoka nchini kwake. Makala haya yanakusudia kueleza sababu ya jambo hilo, kwa kuangalia maonyesho hayo yalianzaje na kinachouzwa humo ni nini.

1. Asili ya maonyesho

Frankfurt ni jirani wa Mainz, mji ambamo Johannes Gutenberg alianza kupiga chapa kwa herufi za madini karibu na mwaka wa 1450. Haikupita miaka mingi, wauza vitabu wakawa wanakutana Frankfurt. Baadaye mji wa Leipzig ulichukua nafasi ya kwanza. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Leipzig ulibaki katika sehemu iliyotawaliwa na Warusi, ndipo wauza vitabu wa magharibi walipofufua soko la Frankfurt. Mwezi wa Septemba 1949 waonyeshaji 205, wote Wajerumani, walikutana katika Paulskirche, jengo lililokuwa kanisa hapo zamani.

2. Mchapaji na mchapishaji

Kiswahili chenyewe chasaidia kufahamu kazi ya soko hili. Kutokana na kitenzi -chapa tunapata mchapaji, yaani mwenye mashine. Kwa kuongeza kiambishi cha kusababisha tunapata -chapisha na mchapishaji, yaani yule asababishaye kitabu kichapwe: huchagua mswada, hutoa fedha, hufanya mkataba na mwandishi. Frankfurt ni soko la wachapishaji, si la wachapaji.

Kwa hiyo vitabu vilivyopangwa juu ya rafu, hasa siku za kwanza, ni vielelezo tu. Bidhaa yenyewe ni haki: haki ya kutafsiri, haki ya kuchapisha katika nchi fulani, haki ya kutengeneza filamu. Mawakala wa waandishi huketi katika ukumbi wao, usioingiwa na mgeni wa kawaida, wakipokea wateja kwa miadi ya nusu saa nusu saa. Umma hupewa nafasi mwishoni mwa juma. Shangwe aionayo mgeni siku ya Jumapili, pamoja na vijana waliovaa kama mashujaa wa hadithi za picha, hufuata baada ya biashara kubwa kwisha.

3. Afrika katika kumbi hizo

Mwaka wa 1980 maonyesho yaliwekwa chini ya mada ya Afrika Nyeusi. Mwaka huohuo Mariama Bâ wa Senegal alipokea huko Tuzo ya Noma, ya kwanza kutolewa, kwa riwaya yake Une si longue lettre. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba tuzo hiyo ilitolewa kwa vitabu vilivyochapishwa Afrika. Riwaya hiyo ilikuwa imetoka Dakar mwaka wa 1979. Baadaye ilitafsiriwa katika lugha nyingi, kwa kuwa palikuwa na mchapishaji wa kuulizwa haki.

Mfano wa pili ni wa kwetu. Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka wa 1981 na kufanya makao yake Graz, nchini Austria, aliandika Tram 83 kwa Kifaransa. Kitabu kilitoka Paris mwaka wa 2014, na mwaka wa 2017 tafsiri yake ya Kijerumani ilipata tuzo ya kimataifa ya fasihi mjini Berlin. Mwandishi ni wa Kongo, lakini mlango aliopitia ni wa Paris.

Wa tatu ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2021. Riwaya yake Paradise ilitoka kwa Kiingereza mwaka wa 1994. Wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka wa 2022 kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis, iliyotolewa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Hadithi ya pwani ya Waswahili ilingoja miaka 28 kurudi katika lugha ya pwani hiyo.

4. Kiswahili cha Kongo kimepungukiwa nini?

Kwa mifano hiyo yaonekana wazi kuwa wingi wa wasemaji peke yake hauifikishi lugha sokoni. Watu wa Katanga, Kivu, Maniema na sehemu za mashariki husema Kiswahili kila siku, wakakiimba na kukihubiri. Lakini wimbo na hotuba havina orodha ya vitabu, wala nambari ya kimataifa ya kitabu, wala mtu wa kutia sahihi mkataba. Mswada uliofungiwa kabatini hauna haki ya kuuzwa, hata ukiwa mzuri namna gani. Maonyesho ya Frankfurt yana mpango wa kuwaalika wachapishaji wadogo. Lakini kabla ya kualikwa, sharti mchapishaji awepo.

Hitimisho

Neno maonyesho latokana na -onyesha, kusababisha kitu kionwe. Mkongomani atokaye kumbini mikono mitupu asidhani kwamba lugha yake imedharauliwa. Haijapata wa kuionyesha. Kabla ya kurudi kwake yafaa apande treni hadi Mainz, safari isiyofika saa moja. Katika chuo kikuu cha huko imo Maktaba ya Jahn, iliyowekwa tangu mwaka wa 1975 kwa ajili ya fasihi za Afrika, nayo hukusanya pia vitabu vya lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Huko ataona kwamba nafasi katika rafu ipo. Kuijaza ni kazi ya wale waliobaki nyumbani pamoja na wale walio ugenini.