Weka Nakala Kwanza

Ofisini kwetu twaandika matangazo ya misiba na arusi katika ukurasa wa intaneti, ili jamaa walio mbali wayasome. Twatumia WordPress, programu ya bure iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2003. Seva twapangisha wenyewe, basi kubadili toleo ni kazi yetu wenyewe.

Toleo jipya huziba matundu wapitamo wezi, kwa hiyo kukaa na la zamani si akili. Lakini masika moja nilibadili kwa haraka, bila nakala. Programu moja ya nyongeza haikupatana na toleo jipya, na ukurasa ukawa mweupe kwa siku mbili. Mpwa wa marehemu mmoja, aliyezoea kutazama hapo, alifika Ipinda kaburi limekwisha fukiwa. Nilimwomba radhi kwa aibu.

Tangu hapo nafuata utaratibu huu. Kwanza, naweka nakala ya hifadhidata yenye maneno, na ya folda wp-content yenye picha, nje ya seva. Pili, naangalia toleo la PHP la seva: WordPress 6.3 ya Agosti 2023 ilikataa PHP iliyo chini ya 7.0. Tatu, najaribu kwenye nakala. Nne, nazima nyongeza zote, nabadili toleo, kisha naziwasha moja moja. Yenye kuharibu hujionyesha.

Mkulima wa Kyela hapiki mpunga wote. Hutenga mbegu kwanza. Nasi tufanye vivyo hivyo.