Titaneti ya Strontiamu: Mfano wa Kueleza Fizikia kwa Kiswahili

Wanafunzi wetu huuliza mara kwa mara iwapo Kiswahili kinaweza kueleza fizikia ya kisasa. Makala haya mafupi yanajaribu kujibu swali hilo kwa mfano mmoja.

Umeme unapopita katika waya hukumbana na ukinzani, na waya hupata joto. Mwaka 1911, Heike Kamerlingh Onnes aligundua huko Leiden, Uholanzi, kwamba zebaki ikipoozwa hadi kelvini 4.2 hivi, yaani nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri, ukinzani hutoweka. Hali hiyo hapa tutaiita upitishaji kamili.

Mwaka 1957, Bardeen, Cooper na Schrieffer walieleza sababu. Elektroni zina chaji hasi, hivyo hufukuzana. Lakini elektroni ikipita ndani ya fuwele huzivuta atomu kidogo, na mtetemo unaotokea huivuta elektroni ya pili. Mitetemo ya namna hiyo huitwa fononi. Kwa njia hiyo elektroni huungana jozi jozi. Ndiyo maana, kama ilivyoonekana katika zebaki mwaka 1950, atomu zikiwa nzito zaidi hutetemeka polepole, na upitishaji kamili huhitaji baridi kali zaidi.

Titaneti ya strontiamu inakwenda kinyume. Kwa asili ni kihami, tena inakaribia kuwa feroelektriki, yaani fuwele ambayo chaji zake chanya na hasi husogea zenyewe pande mbili tofauti. Ikipunguziwa oksijeni au ikitiwa niobi kidogo, hupata elektroni huru chache. Na chini ya kelvini 1 hufikia upitishaji kamili, jambo lililogunduliwa mwaka 1964. Mwaka 2016, watafiti waliweka oksijeni-18, iliyo nzito zaidi, mahali pa sehemu ya oksijeni yake ya kawaida. Halijoto ya upitishaji kamili haikushuka, bali ilipanda kwa takriban nusu. Oksijeni hiyo huisogeza fuwele karibu zaidi na hali ya feroelektriki, na mtetemo unaotenganisha chaji hulegea. Namna elektroni zinavyoungana na mtetemo huo bado inajadiliwa.

Mwalimu wa lugha anajifunza nini? Neno "fononi" tumelikopa, lakini lililolifafanua ni "mtetemo", neno letu la siku zote. Kukopa istilahi si udhaifu. Udhaifu ni kuikopa na kuiacha bila maelezo. Tunawahimiza wanafunzi wajaribu zoezi hili kwa dhana nyingine.