Dodoma hadi Tabora kwa ndege: kilomita tunazijua, dakika je?

Kintinku, wilayani Manyoni, iko karibu chini kabisa ya mstari ulionyooka kutoka kiwanja cha ndege cha Dodoma hadi cha Tabora. Mstari huo unapita kusini yake kwa kama kilomita 10.

Kuupima hakuhitaji kompyuta. Dodoma iko longitudo nyuzi 35 na dakika 45 mashariki, Tabora nyuzi 32 na dakika 50. Zimepishana dakika 175. Latitudo ni nyuzi 6 na dakika 10 kusini kwa Dodoma, nyuzi 5 na dakika 5 kwa Tabora. Tofauti ni dakika 65. Kila dakika ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852, na kwa kuwa tuko jirani na ikweta, dakika ya longitudo nayo ni karibu hiyo hiyo. Tumia kanuni ya Pythagoras: maili 186, sawa na kilomita 344 hivi. Usijaribu njia hii ya mkato ukiwa London. Longitudo hubanana kadiri unavyozikaribia ncha za dunia, na kule dakika yake ni kama asilimia 62 tu ya hii yetu.

Muda ndio wenye mambo. Dash 8-400, ndege ya mapangaboi ambayo Air Tanzania huitumia kwa safari za ndani, ikishatulia angani hukimbia kama kilomita 600 kwa saa. Ukigawanya unapata dakika 34. Lakini ratiba huanza kuhesabu ndege inapotoka kwenye maegesho hadi inaposimama upande wa pili. Humo mna kujikokota hadi kwenye njia ya kurukia, kupanda taratibu, kushuka, na pengine kuzunguka ili itue ikiukabili upepo. Weka dakika 15 hadi 20 za ziada, na usishangae kuona ratiba ikisema karibu saa nzima. Dakika hizo hazipungui kwa sababu safari ni fupi.

Upepo nao una sehemu yake. Kanda ya kati mara nyingi huvuma kutoka mashariki. Ukiwa wa kilomita 40 kwa saa, dakika za angani kwenda Tabora huwa 32, kurudi, 37.

Sasa msafiri wa Kintinku afanyeje? Akitaka ndege, sharti kwanza arudi Dodoma, zaidi ya kilomita 60 kinyume na aendako, kisha afike kiwanjani mapema, akaguliwe, asubiri. Ukijumlisha yote, saa nne zimekwisha. Basi litapanda mlima wa Saranda, lipite Manyoni na Itigi, na kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa limfikishe Tabora kwa saa tano na ushei. Kwa tofauti hiyo, mimi ningepanda basi.