Msiba Hauna Toni

Kila mwaka baridi ya Ufipa ikianza kuuma na kidato cha nne wakianza kuhesabu miezi, swali lilelile hunifuata hadi sokoni Matai: "Mwalimu, kitabu kina kifo, sasa toni si huzuni?" Wanafunzi huniuliza, wazazi huniuliza, na juzi kaniuliza mwalimu mwenzangu wa somo jingine tukiwa tunasubiri gari la Sumbawanga. Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi mno. Leo naliandika.

Najua linakotoka. Kuna karatasi inayozunguka, imetolewa fotokopi juu ya fotokopi mpaka herufi zimefifia. Ina safu mbili: kushoto tukio, kulia toni. Kifo, huzuni. Harusi, furaha. Vita, hasira. Rushwa, kejeli. Mtoto anaikariri kama jedwali la kuzidisha, anaingia nayo kwenye mtihani, na kitabu chenyewe hajakifungua. Karatasi hiyo ichomwe. Haina kosa dogo la kurekebishwa. Imepotoka tangu mwanzo, maana inatafuta toni ndani ya tukio. Tukio halina toni. Anayelisimulia ndiye mwenye toni.

Chukua kifo kimoja, cha mzee mmoja wa kijijini. Wa kwanza anaandika: "Mzee alifariki Jumanne. Tulimzika Jumatano. Alhamisi tulirudi shambani kuvuna." Wa pili: "Mzee wetu, aliyetulea kwa jembe lake mpaka mgongo ukapinda, ametutoka." Wa tatu: "Mzee kaenda, na hakuna duka hapa Matai asiloliachia deni." Maiti ni mmoja, kaburi ni moja, ila toni ni tatu. Wa pili anaomboleza kwa heshima; ile "wetu" na ule mgongo uliopinda vinamsema. Wa tatu anamdhihaki marehemu. Wa kwanza ndiye anayewashinda wanaokariri, kwa sababu hana hata neno moja la majonzi. Sentensi zake ni fupi, zinafuata kalenda, hazigeuki nyuma. Huenda ni mtu asiyejali. Huenda pia ameumia kiasi kwamba akiongeza neno atalia. Huwezi kuamua mpaka usome kilichotangulia na kinachofuata, na kuamua huko ndiyo kazi yenyewe ya uhakiki. Karatasi ya safu mbili inakunyang'anya kazi hiyo, kisha inakupa jibu la uongo.

Kosa hili limewahi kuwaponza watu wazima wenye madaraka. Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya ilipigwa marufuku kwa muda, kwa kuwa inasimulia wazi maisha ya kimapenzi ya msichana aitwaye Rosa. Waliokasirika waliona tukio wakadhani wameona toni: palipo na uasherati, basi mwandishi anausifu. Wangesoma namna anavyosimulia wangekuta kitu kingine. Kezilahabi hamshabikii Rosa, wala hasimami juu yake na fimbo. Anamfuata kwa karibu, kwa lugha isiyo na mapambo, na kila mara anaturudisha kwa Zakaria, baba mlevi na mkali aliyemlea binti kwa kipigo. Toni yake kwa Rosa ni ya huruma isiyoficha kosa. Kwa baba ni ya lawama. Nasikitika kila nikikumbuka kwamba kitabu chenye uchungu wa namna hiyo kilisomwa kama uchafu. Baadaye kiliingia shuleni.

Wengine wanachanganya toni na msimamo. Msimamo ni kile mwandishi anachokiamini. Toni ni sauti anayokisemea. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951 nchi ikiwa bado chini ya Waingereza, msimamo ni mkali: utawala unaoogopa kuambiwa ukweli ni dhalimu. Lakini mhusika mkuu, Karama, akiwa ameshitakiwa mbele ya mfalme, anajitetea kwa utulivu na adabu tupu. Mwanafunzi akiandika "toni ya hasira" hapo, ameusikia msimamo, sauti haikumfikia.

Na watoto wetu wa huku wanaozungumza Kilungu au Kimambwe nyumbani, tafadhali: toni ile ya sauti kupanda na kushuka ndani ya neno hadi maana ikabadilika ni habari ya isimu. Hapa hatuizungumzii.

Basi ufanyeje? Tazama majina: waziri anayemshitaki Karama anaitwa Majivuno, na hukumu ya mwandishi imeanzia hapo. Tazama vivumishi, urefu wa sentensi, anapokawia na anaporuka. Mtenge mwandishi na mhusika. Mhusika anaweza kufoka huku mwandishi akimwonea huruma. Kwenye tamthiliya kama Ngoswe ya Edwin Semzaba mwandishi hasemi moja kwa moja, kwa hiyo soma maelekezo ya jukwaani na uangalie matokeo: karatasi za sensa zinaishia motoni, na jina kamili la mchezo linautaja uzembe waziwazi. Usiandike neno moja. Andika toni gani, kwa nani, na neno lipi limekuonyesha. Toni ikigeuka katikati ya kitabu, sema imegeukia wapi. Ukikosa jina lake, ieleze kwa sentensi nzima: "anamsema baba kwa uchungu, kama mtu aliyewahi kumpenda." Kwangu jibu hilo lina alama zaidi ya "huzuni", hata kama limeandikwa kwa mwandiko mbaya na wino umevuja.