Rehema ni Jina la Nani?

Mwezi uliopita katika kliniki ya watoto huko Moa, pwani ya wilaya ya Mkinga, tulipokea kadi isiyo na jina. Mtoto, binti mzuri wa wiki 6, alikuja kwa chanjo. Mama yake, Mkristo mwenzetu mwenyeji wa bara, alitaka kumwita Rehema, jina la jirani Mwislamu aliyemsugua mgongo usiku kucha wakati wa uchungu. Baba akakataa. Hilo jina la Kiislamu, alisema, kanisani watatucheka. Ndani ya nyumba hawakuwa wakisemezana.

Tulimwomba baba aje, naye akaja.

Ni kweli neno limetoka Kiarabu, rahma. Watu wa pwani walilitamka Kiswahili likawa rehema, ingawa mabinti wanaoitwa Rahma wapo hadi leo. Lakini Kiarabu ni lugha, na Waarabu Wakristo nao humwomba Mungu rahma. Sisi tunaisoma rehema katika Zaburi ya 51. Hata marehemu ni neno la ukoo huo, yaani aliyerehemiwa. (Wengi tunadhani maana yake ni mfu tu!)

Kilichotugusa zaidi sisi wauguzi ni hiki: kwa Kiarabu mji wa mimba huitwa rahim, mzizi ule ule. Kiebrania, ndugu yake Kiarabu, nacho kina rehem, mji wa mimba, na rahamim, huruma. Yule mama aliyesimama mbele ya Mfalme Sulemani, akawa radhi mwenzake apewe mtoto kuliko akatwe vipande viwili, Biblia ya Kiebrania inasema ni rahamim iliyomwaka moyoni. Tena binti wa nabii Hosea aliitwa Lo-ruhama, hakurehemiwa. Katika sura ya pili lile "Lo" linaondolewa, anabaki Ruhama.

Baba alinyamaza kitambo. "Sasa mama nesi, huyu wangu aliyekaa wiki 6 bila jina, ni kama yule wa Hosea?"

Hatukumjibu. Tulimpima mtoto, tukamrudishia kadi.

Juzi wamerudi kwa chanjo ya wiki 10. Kadi imeandikwa Rehema, kwa mwandiko wa baba. Aliyembeba mtoto ni jirani.