Najashi alisikiliza kwanza, wewe je?

Umewahi kuona mjadala wa dini kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ukaisha vizuri? Mmoja pale Ukunda anatupia klipu ya shehe, mwingine anajibu na ya pasta. Ikifika saa nne usiku, watu watatu wameshatoka kundini. Asubuhi mnapanda matatu moja kwenda Likoni kama hamjuani.

Sasa sikia ya mwaka 615 hivi. Waislamu wa kwanza walipozidiwa na mateso Makka, Mtume Muhammad (SAW) aliwaelekeza wakimbilie Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo, Najashi. Makureshi nao hawakulala. Walimtuma Amr bin al-As na mwenzake, wakabeba zawadi za ngozi za kuwalainisha wakuu wa dini wa pale ikulu, kisha wadai wakimbizi warudishwe. Wakuu wale wakasema sawa, warudishwe tu. Najashi akakataa kuamua kabla hajawasikia wenyewe.

Jaafar bin Abi Talib akawasemea wenzake, akasoma mwanzo wa Sura ya Maryam. Mfalme akalia. Hapo ndipo wengi huishia wakisimulia, lakini mimi napenda zaidi siku ya pili. Amr alirudi na fitina mpya: hebu waulize wanasema nini kuhusu Isa. Mtego huo! Wakimbizi wakakaa, wakaulizana watajibuje. Wakaamua kusema wanachoamini, liwalo na liwe: Isa ni mja na mtume wa Mwenyezi Mungu, aliyezaliwa na bikira Maryam. Wakuu wa dini wakaguna. Najashi akawaacha wakae kwa amani, na zawadi za Makka akazirudisha. Anayetusimulia haya ni Umm Salama, mwanamke aliyekuwa miongoni mwa wakimbizi hao.

Baadaye, Madina, zamu ikageuka. Wakristo wa Najran walimwendea Mtume, wakajadiliana naye kuhusu Isa, wasikubaliane. Masimulizi ya sira yanasema waliruhusiwa kusali sala yao msikitini mwake. Walirudi kwao wakiwa Wakristo vilevile, na mkataba mkononi: watalipa kodi, nao watalindwa.

Huku kwetu tunajua bei ya kutosikilizana. Agosti 13, 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na fujo zikaenea hadi Kwale. Walioandamwa ni watu wa bara. Chanzo kilikuwa siasa na ardhi, si msikiti wala kanisa, ila hofu ikishaingia mtaani haiulizi chanzo. Kutokana na machungu hayo viongozi wa dini wa Pwani wakaanza kukutana, likazaliwa baraza lao, CICC, ambamo Waislamu, Wakristo, Wahindu na wazee wa dini za asili hukaa meza moja.

Kazi nzuri hiyo. Lakini klipu za usiku hazisambazwi na maaskofu wala makadhi. Zinasambazwa na sisi, tukiwa stejini Msambweni tunangoja abiria, au Diani tukimaliza zamu hotelini. Na mara nyingi mwenye dini inayosemwa vibaya kwenye hiyo klipu amekaa pikipiki ya pili kutoka yako. Ushawahi kumuuliza yeye mwenyewe anaamini nini?