Picha Inataka Ukuta

Karakana yangu iko Kawangware, kando ya barabara ya Naivasha, kati ya fundi wa milango ya chuma na mama anayeuza sukuma wiki. Kazi yangu ni fremu. Wachoraji huniletea picha zimekunjwa kama mikeka, nami nazitandaza, nazivuta na kuzipigilia kwenye mbao. Wengi huniomba pia nizipeleke ukumbini na kuzitundika. Ndiyo maana maonyesho ya sanaa ya Nairobi nayajua kutokea nyuma, wageni wakiwa bado hawajafika na ukumbi umejaa ngazi, nyaya na vumbi la plasta.

Jambo linaloniuma ni kwamba majirani zangu wengi wanaamini maonyesho hayo si yao. Kutoka kwetu hadi Lavington mtu hutembea kwa miguu, na watu wa Kawangware huenda huko kila siku kufua, kupika, kulinda na kukata nyasi. Lakini nyumba ya sanaa iliyo kando ya njia hiyohiyo hawaingii. Jirani yangu wa sukuma wiki aliniuliza siku moja, "Fundi, hapo ndani kuingia ni ngapi? Na mtu huvaa nini?" Nikamwambia kuingia ni bure, na avae alivyovaa. Tulipofika langoni, mlinzi alimwuliza ametumwa na nani. Nikasema yuko na mimi, na amekuja kutazama.

Alitazama kweli. Alipita picha kadhaa haraka, akakwama mbele ya moja yenye wanawake wa sokoni, akaisogelea mpaka nikahofia ataigusa. "Huyu wa katikati amefunga leso ya kubebea mtoto," akasema, "lakini mtoto hayuko mgongoni. Amemwacha wapi?" Mimi niliikaza picha hiyo kwa mikono yangu, nikaitundika, nikaipangusa, na sikuwa nimeiona hiyo leso. Mchoraji alikuwa karibu. Walizungumza wawili hao kwa muda mrefu kuhusu soko la Gikomba, saa za kuamka na nani humwangalia mtoto alfajiri. Hayo ndiyo mazungumzo ambayo maonyesho huandaliwa yapate kutokea, na kama mimi nisingalikuwa pale langoni yasingalitokea.

Basi niseme wazi: nyumba nyingi za sanaa za jiji hili hazitozi kiingilio. Alliance Française, pale Loita Street, unaweza kuingia ukingoja mvua ipungue, ukatazama kilichoko ukutani, ukatoka bila kulipa shilingi. Circle Art Gallery, iliyoko James Gichuru Road, ni nyumba ya biashara. Tangu 2013 huandaa mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki ambako kazi za wakongwe hupata bei kubwa, lakini kutazama ni bure kwa mnunuzi na asiye mnunuzi. Hakuna mtihani wa kufanya wala msamiati wa kukariri.

Kazi yenyewe inayotangulia siku ya ufunguzi ni ya mikono. Kanvasi ya kuagizwa ni ghali, hivyo vijana wengi huchora kwenye marekani, wakaipaka kwanza rangi nyeupe ya ukutani iliyochanganywa na gundi ya mbao. Kitambaa hicho hakitaki pupa. Ukikivuta upande mmoja kwa nguvu hufanya mawimbi, na mawimbi hayo hayaondoki. Mimi huanza katikati: pini moja katikati ya ubao wa juu, moja katikati ya ubao wa chini, moja kushoto, moja kulia. Kutoka hapo naelekea pembeni kidogo kidogo, nikivuta kila mara pande mbili zinazotazamana. Pembe ni za mwisho. Mbao ninayopenda ni saiprasi iliyokauka sawasawa, kwa kuwa mbao mbichi hujipinda baada ya wiki chache na lawama humwendea mchoraji.

Ukumbini nafuata kipimo kimoja: sentimita 150 hivi kutoka sakafuni hadi katikati ya picha, kubwa kwa ndogo, ili macho ya mtu aliyesimama yasihangaike. Kazi yenye kioo siiweki mkabala na dirisha, maana mtazamaji ataona magari ya barabarani na uso wake mwenyewe. Mwisho hubandikwa kadi ndogo yenye jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa na bei. Ukiona nukta nyekundu kando yake, imeuzwa. Bei hiyo huwashtua wageni, na ni haki wajue inagawanywaje. Nyumba ya sanaa hubaki na sehemu, mara nyingi kati ya asilimia 30 na 50, ndiyo inayolipa kodi ya jengo, stima, mlinzi, matangazo na vitafunio vya ufunguzi. Kinachobaki ni cha msanii, ambaye bado ana rangi, nauli na mimi wa kulipa.

Kodi ya jengo ndiyo iliyoua kumbi nyingi. Nairobi haijawahi kukosa wachoraji; imekosa kuta zinazodumu. Paa ya Paa ilifunguliwa 1965 katikati ya jiji na Elimo Njau, mchoraji kutoka Marangu, Tanzania, pamoja na wenzake waliotaka Waafrika wawe na nyumba yao ya sanaa katika nchi iliyokuwa imepata uhuru juzi tu. Baadaye ilihamia Ridgeways, na 1997 moto ukateketeza sehemu kubwa ya kazi zake. Njau na mkewe, Phillda, hawakufunga. Gallery Watatu ilianzishwa 1968 na Jony Waite, Robin Anderson na David Hart. Kuanzia 1985, chini ya Ruth Schaffner, ilikuwa mlango wa wachoraji waliojifunza wenyewe, akiwamo Sane Wadu, mwalimu wa shule aliyeacha chaki akashika brashi. Ilidumu zaidi ya miaka 40, na leo haipo. Jumba la sanaa la RaMoMA nalo lilifungwa. Kuona Trust, iliyozaliwa 1995 ndani ya Makumbusho ya Taifa na baadaye ikahamia Kilimani, ilifikia mwisho wake kama shirika. Wasanii waliokuwa na studio pale walikataa kutawanyika, wakaunda umoja wao na kuendelea kufanya kazi.

Kisa kinachonitia uchungu zaidi ni cha Joseph Murumbi. Alikuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache ya 1966, akaacha siasa, na 1972 akaanzisha nyumba ya sanaa ya African Heritage pamoja na Alan Donovan, Mmarekani aliyependa kazi za mikono za Afrika kama alivyozipenda yeye. Murumbi alikusanya sanamu, nguo, mapambo, vitabu na stempu kutoka bara zima. Aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga akitumaini itakuwa taasisi ya masomo ya Kiafrika. Taasisi hiyo haikusimama, nyumba iliachwa ikaharibika, na hatimaye ikabomolewa. Alifariki 1990. Amezikwa City Park, Parklands, karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, na kaburi lake limezungukwa na sanamu za wasanii wa Afrika Mashariki. Nenda ukazione.

Sehemu ya mkusanyiko wake iko mahali ambapo kila mtu wa Nairobi amewahi kusimama. Ni jengo la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, lile lililokuwa benki zamani. Maelfu ya watu huambiana "tukutane Archives", wakasimama nje karibu na sanamu ya Tom Mboya wakichezea simu, na ndani, ghorofa ya chini, kuna ukumbi wa Murumbi. Ukilipa ada ndogo umeingia. Sehemu nyingine iko Nairobi Gallery, kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, katika jengo la 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Watu walikuja humo kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, na hapo ndipo umbali wa barabara kutoka Nairobi ulianzia kupimwa. Mtu akinieleza kwamba hana nafasi ya sanaa, humwomba aingie Archives siku anayomngoja rafiki aliyechelewa.

Wasanii wengine hawakungoja kuta za mjini. Huko Kibera, Otieno Gomba na Otieno Kota walianza kwa kuandika mabango ya vibanda na saluni. Wakavaa shuka za Kimaasai ili wateja wawatambue, na kutoka hapo kikazaliwa kituo cha Maasai Mbili. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilipozuka, mwenzao Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo 7, alizunguka na rangi yake akiandika maneno ya kuhimiza amani kwenye kuta, mabati na hata lami, wakati watu walipokuwa wakifukuzwa majumbani mwao. Mimi naamini hayo yalikuwa maonyesho makubwa kuliko yote yaliyowahi kufanyika jijini, ingawa hayakuwa na kadi wala nukta nyekundu.

Kuta mpya nazo zimefunguliwa. Mchoraji Patrick Mukabi alifungua studio ya Dust Depo katika uwanja wa Makumbusho ya Reli, na vijana kadhaa walioniletea kazi zao za kwanza walijifunza kushika brashi kwake. Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi ambaye huchora kwenye lubugo, kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda, ameonyesha kazi London na kwingineko. Mwaka 2020 alianzisha Nairobi Contemporary Art Institute, na 2022 taasisi hiyo ilijaza kuta zake huko Rosslyn na kazi za miongo mingi za Sane Wadu. Watu waliomjua kwa jina tu walipata kuona safari yake nzima mahali pamoja. Hiyo ndiyo kazi ya taasisi isiyotegemea kuuza ili ilipe kodi ya mwezi.

Kununua si lazima, lakini usijione huwezi. Karibu kila msanii ana michoro midogo ya karatasi isiyotundikwa, uliza. Uliza pia kama unaweza kulipa kidogo kidogo. Kijana wa boda boda hapa kwetu alilipia picha moja ya matatu kwa M-Pesa, kila Ijumaa, mpaka ikaisha, nami nikamtengenezea fremu kwa bei ya mbao tu.

Na sasa nina ombi kwa kaunti. Kumbi za kijamii zipo, ule wa Kangemi ukiwa mmoja wao. Hufunguliwa kwa mikutano na harusi, na kuta zake huwa tupu. Hatuhitaji jengo jipya. Kinachohitajika ni ubao mmoja wa saiprasi uliopigiliwa juu kuzunguka ukumbi, ili picha zining'inizwe kwa waya bila kutoboa plasta, na mtu wa kushika funguo Jumamosi. Ubao huo mimi na kijana wangu tunaufunga kwa siku moja, na malipo ya ufundi hatuyataki.